Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

Mwanafunzi awe mshiriki wa mwalimu katika elimu ya usanifu

Miaka michache iliyopita shule moja ya huku kwetu Isangi ililetewa madeski mapya. Yalikuwa mazuri kuyatazama: mbao nzito, randa imepita vizuri, misumari imezama, vanishi inang'aa hata mtu aweza kuuona uso wake. Wazazi walifurahi, padri akayabariki, na siku ile ile watoto wakakalishwa. Haikupita wiki, mwalimu wa darasa la pili akaona ajabu: watoto wengi wanaandika wakiwa wamesimama. Alipomwuliza mmoja sababu, mtoto alijibu kwa adabu, "Bwana Mwalimu, nikiketi miguu yangu haifiki chini, na kidevu changu kinafika mezani."

Aliyeyachora madeski yale alikuwa mtu wa elimu, na aliyeyapasua alikuwa fundi hodari. Wala mmoja wao hakuwa mvivu. Kosa lao lilikuwa moja tu: walipima mtu mzima, wakamtengenezea mtoto, na yule mtoto hawakumwuliza.

Basi aliitwa seremala wa kijijini. Naye, kabla ya kushika msumeno, aliwaketisha watoto juu ya gogo, akawapima mmoja mmoja toka kisigino hata goti. Alipokwisha kupata kipimo chake, msichana mmoja mdogo alinyosha mkono, akasema, "Fundi, usiyakate yote sawasawa. Mwakani na sisi tutakuwa warefu." Watu wakacheka, lakini fundi hakucheka. Aliweka penseli nyuma ya sikio, akafikiri, kisha akayakata madeski kwa vimo vitatu. Mpaka leo yanafaa.

Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii twaitumia kwa mambo mengi, lakini sidhani kama kuna mahali inapofaa zaidi kuliko katika kazi ya kubuni vitu. Nami nimeanza na watoto wadogo ili nipate kuwafikia wakubwa, yaani vijana wetu wa vyuo vikuu. Kwa maana ndio watakaochora madeski ya kesho, na nyumba, na zahanati, na visima, na mashua. Neno ninalotaka kulisema ni hili: kijana ambaye mwalimu wake hakumwuliza neno kamwe, naye hatamwuliza mtu neno atakapokuwa bwana mkubwa mwenye kalamu.

USANIFU NI KITU GANI?

Wengine wakisikia neno usanifu hudhani ni kupamba, kama mtu anayetia maua kwenye kikombe. Sivyo. Kusanifu ni kufikiri umbo la kitu kabla ya kukifanya: kitatumiwa na nani, wapi, kwa muda gani, kwa gharama gani, na kikivunjika nani atakitengeneza. Mama wa Kilokele afinyangaye chungu, akakipa shingo ya kushikika kwa mkono wenye maji, amesanifu. Fundi wa mtumbwi, atazamaye gogo siku mbili kabla ya kuliinulia tezo, anasanifu kwa macho.

Mafundi hawa walijifunzaje? Mwanagenzi aliketi karibu na fundi, akashika chombo, akakosea, akaonywa. Lakini siku ya kushusha mtumbwi majini, mwanagenzi naye alipiga kasia. Kama mtumbwi uliinama upande mmoja, alihisi mwenyewe katika mwili wake, naye alikuwa na haki ya kusema. Elimu ya shule ilipokuja ilileta mema mengi: hesabu, kipimo cha hakika, kuchora kwa rula, elimu ya nguvu za vitu. Ila mara nyingi ilimwondoa mwanafunzi kwenye kasia, ikamweka kwenye benchi. Mwalimu ananena, mwanafunzi anaandika, mtihani unapita, na mtumbwi haujashushwa majini.

KATIKA BARAZA YA BIBI TROWELL

Tuvuke sasa mpaka wa mashariki, twende Uganda. Chuo cha Makerere huko Kampala kilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, waliojifunza useremala, ujenzi na kazi ya mitambo. Mwaka 1937 mama mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, mke wa daktari, alianza kufundisha sanaa katika baraza ya nyumba yake. Hakukuwa na darasa la fahari. Palikuwa na baraza, karatasi, rangi, na vijana waliotaka kujaribu.

Bibi Trowell hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia jambo kwa maneno, akawaacha waione picha yake katika mawazo yao wenyewe, ndipo wachore. Tazama, msomaji, jambo lililotendeka hapo: mwalimu ameleta nusu ya somo, na mwanafunzi ameleta nusu ya pili. Asipoleta nusu yake, somo halipo. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa London, mbele ya watu ambao wengi wao hawakudhani kwamba Mwafrika ana cha kuwaonyesha.

Tena Bibi huyu hakuwaacha wanafunzi wake mlangoni. Gregory Maloba, Mkenya, mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza, alikuwa mwalimu pale pale Makerere. Ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu mwaka 1962, yenye mtu aliyevikwa vitambaa kama anayefunguliwa, akimwinua mtoto juu. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, naye alijifunza Makerere, akafundisha huko, kisha akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Mwanafunzi amekuwa mwenzi, na mwenzi amekuwa mrithi wa kazi.

Lakini tuseme kweli yote. Wako waliomlaumu Bibi Trowell, wakasema kwamba aliogopa mno wanafunzi wasiharibiwe na mambo ya Ulaya, hata akawa yeye ndiye mwenye kuamua lililo la Kiafrika na lisilo. Lawama hiyo ina maana. Ukimwambia mtu, "Sema lililo moyoni mwako," kisha ukamchagulia moyo, hujamshirikisha bado. Ushirika wa kweli humruhusu mwanafunzi kusema hata lile ambalo mwalimu hakulitazamia.

NAIROBI, MWAKA 1965

Hatua ya pili ilipigwa Nairobi. Kenya ilikwisha kujitawala mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha huko kikaanzisha mafunzo ya usanifu wa vitu. Mwaka 1965 kazi hiyo iliangukia mikononi mwa watu wawili, Selby Mvusi na mwenziwe Derek Morgan. Mvusi alizaliwa Natal, Afrika ya Kusini, mwaka 1929. Alisoma kwao na Marekani, akafundisha Ghana, ndipo akafika Kenya.

Mvusi alishikilia kwamba msanifu wa Kiafrika asifungwe na kamba mbili. Kamba ya kwanza ni kuiga Ulaya. Kamba ya pili ni kurudia tu maumbo ya zamani ili kuwauzia wageni wanaopita. Msanifu, alisema, aanze na maisha ya watu wa leo, waliopo mbele ya macho yake, na haja zao. Hapo ndipo mwanafunzi anapopata cheo kipya. Kwa kuwa, kama somo ni maisha ya watu wa leo, mwalimu hawezi kulitoa lote katika kitabu. Kijana aliyetoka kijijini mwezi uliopita, ambaye mama yake anachota maji mbali, anajua jambo ambalo profesa hajui. Profesa anajua kupima, kulinganisha, kuuliza sababu. Wakikutana, kila mmoja ana deni kwa mwenziwe.

Mvusi hakuishi kuona matunda. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1967, bado kijana. Hata hivyo kazi haikufa naye. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 yule Gregory Maloba wa Makerere alihamia Nairobi, akaiongoza idara ya usanifu. Hivyo aliyeanza kuchora katika baraza ya Bibi Trowell akawa mkuu wa kuwafundisha wengine. Hiyo ni miaka thelathini hivi, toka baraza hata idara.

NA KWETU KONGO?

Nasi tunayo yetu, na Wakatoliki wana sababu ya kuyakumbuka. Mwaka 1943, huko Gombe-Matadi katika Kongo ya Chini, Bruda Marc-Stanislas wa Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo alianzisha shule ya sanaa, akaiweka chini ya Mtakatifu Luka, msimamizi wa wachoraji. Mwaka 1949 shule ilihamishiwa Leopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, na mwaka 1957 ikawa Akademia ya Sanaa. Kati ya vijana waliopita humo alikuwa Alfred Liyolo, mzaliwa wa Bolobo kwenye mto huu wetu. Baada ya kusoma Austria alirudi, akafundisha pale alipofundishwa, akawa mchonga sanamu mwenye jina kubwa hata alipofariki mwaka 2019.

Lakini historia ya vyuo vyetu ina ukurasa mwingine, nao si wa furaha. Chuo Kikuu cha Lovanium, chuo cha Kikatoliki kilichofunguliwa mwaka 1954, kilikuwa fahari ya nchi. Mwezi wa Machi 1964 wanafunzi wake waligoma, na moja la madai yao lilikuwa washirikishwe katika uendeshaji wa chuo. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi waliandamana Kinshasa, na askari wakawapiga risasi. Wengi walikufa. Mwaka 1971 serikali iliondoa Lovanium kuwa chuo cha pekee, ikakiunganisha na vyuo vya Kisangani na Lubumbashi kuwa chuo kimoja cha taifa.

Sisemi kwamba kila mgomo una haki, wala kwamba vijana hawakosi. Nasema tu kwamba sauti isiyopewa kiti mezani hutafuta njia ya barabarani. Ni afadhali mwalimu amsikie mwanafunzi katika darasa, wakati neno lingali dogo, kuliko nchi nzima imsikie wakati neno limekwisha kuwa kilio.

HESHIMA YA MWALIMU ITAKUWA WAPI?

Najua kuna baba atakayesema: "Mwalimu ni mwalimu, mwanafunzi ni mwanafunzi. Ukimpa mtoto kiti cha mzee, kesho atataka na fimbo yake." Wazo hili nami nililelewa nalo, wala silidharau. Lakini tumwendee aliye mkubwa kuliko sisi.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste katika nchi iitwayo sasa Aljeria, aliandika karibu na mwaka 389 kitabu juu ya mwalimu. Alikiandika kwa namna gani? Hakukiandika kama hotuba. Alikiandika kama mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodato, kijana wa miaka kumi na sita. Mtoto anajibu, anauliza, anapinga, na mara nyingine baba yake analazimika kurudi nyuma. Na baadaye, katika Maungamo yake, Augustino alishuhudia kwamba mawazo yale ya kijana yalikuwa ya kijana mwenyewe kweli, wala hakumtilia maneno kinywani. Mwisho wa mazungumzo wote wawili wanakubali kwamba Mwalimu wa ndani ni mmoja, naye ni Kristo. Je, Augustino alipoteza heshima? Kanisa lamwita Mwalimu hata leo.

Tena Injili ya Luka yatueleza jinsi Bwana wetu, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alivyoonekana hekaluni ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Wale walimu hawakumfukuza. Walistaajabu.

Ila ushirika si kuacha usukani. Mwanafunzi hajui bado ubao gani huoza majini, wala chuma gani hupinda kwa uzito gani. Mwalimu asiyefundisha hayo kwa kisingizio cha kuwashirikisha vijana ni mchungaji mvivu. Ushirika ni kugawana kazi kwa haki, nao una alama zake.

Kwanza, mwanafunzi ashiriki katika kuchagua tatizo. Mwalimu asiseme tu, "Chora kiti." Aulize, "Katika mitaa mnayotoka, watu wanateswa na kitu gani kilichotengenezwa vibaya?"

Pili, michoro itundikwe ukutani mbele ya wote, ya mwalimu pia, na kila mmoja aseme kwa adabu linalofaa na lisilofaa, pamoja na sababu. Atakayesema "sipendi" bila sababu, arudi kuketi.

Tatu, mtumiaji aitwe. Kama ni jiko, mama anayepika aje. Kama ni kitanda cha zahanati, mwuguzi aje, na mgonjwa aliyepona.

Nne, mwisho wa mwaka mwalimu awaulize wanafunzi lipi katika mafundisho yake lilipoteza wakati wao, naye abadili neno moja kwa uchache. Neno moja likibadilika kwa sababu yao, wataamini.

MASHUA ZA MTO WETU

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Isangi, tuliopo pale Lomami inapoingia katika mto mkubwa, zaidi ya kilomita 100 toka Kisangani? Yanatuhusu sana. Vijana wetu wanakwenda Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, au Chuo cha Kilimo cha IFA-Yangambi, chenye jina la Yangambi yetu katika wilaya hii hii. Wazazi wanauza mihogo, samaki na kakao ili kulipa ada. Na njia yao ya kwenda na kurudi ni mto.

Nani asiyezijua zile mashua kubwa za mbao ziitwazo baleniere? Ndizo barabara yetu, soko letu, na mara nyingine ndizo kaburi letu. Kila mara twasikia kwamba mashua imezama usiku, shehena juu ya watu na watu juu ya shehena, hakuna taa, hakuna maboya. Twalia, twaomba Misa, kisha twapanda nyingine. Sheria ya kukataza kujaza mno ni ya lazima, na tamaa ya mwenye chombo ni dhambi. Lakini liko na swali la usanifu: shehena iwekwe wapi ili chombo kisipinduke? Mama mwenye mtoto mgongoni ashike nini mawimbi yajapo? Alama ya kikomo cha maji ichorwe wapi ubavuni, hata asiyejua kusoma aione na kukataa kupanda?

Maswali haya hayajibiwi na profesa peke yake, kwa sababu hasafiri juu ya magunia. Hayajibiwi na fundi wa mashua peke yake, kwa sababu hana hesabu ya uzito. Hayajibiwi na akina mama wachuuzi peke yao, kwa sababu hakuna anayewapa kalamu. Yuko mtu mmoja tu anayewajua wote watatu: ni mwanafunzi. Amekaa mbele ya profesa, amezaliwa jirani na fundi, na amesafiri juu ya magunia ya mama yake. Kama huyu atafundishwa kunyamaza na kunakili, basi tumelikata daraja letu kwa mkono wetu.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, tuanze mapema. Msichana wa madeski hakungoja kufika chuo kikuu. Nawasihi wazazi: kijana wenu arudipo likizo, msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni ameona nini, na mmwambie ninyi mnaona nini. Nanyi vijana mnaosoma gazeti hili, msirudi nyumbani kama wageni wenye viatu safi. Shukeni pwani, keteni na fundi anapotia kalafati, shikeni tezo, ulizeni. Kisha pelekeni darasani yale mliyoyaona, myaseme kwa heshima na bila hofu.

Mungu alipoumba dunia hakuhitaji msaada wa mtu. Hata hivyo aliwaleta wanyama mbele ya Adamu aone atawaitaje, na jina alilolitoa Adamu ndilo lililokuwa jina lao. Mwenye kujua yote alimwachia mwanafunzi wake sehemu ya kazi. Je, sisi walimu ni wakubwa kuliko Yeye?